Kabuti Alikuja Bokoli

Katuni yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu siku hizo kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hivyo hadithi tulijitungia wenyewe. Ilionyeshwa Jumamosi saa nane mchana, katikati ya wahubiri na mpira, na sisi watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Kitale tulikuwa tumejipanga kwenye mkeka tangu wahubiri, ili mtu asije akachukua nafasi ya mwenzake. Tivii ilikuwa yetu, ndogo, na picha yake ilipenda kupanda juu na kutokea tena chini. Tulizoea kumwona mtu miguu ikiwa juu ya kichwa chake na hatukulalamika.

Kama nilivyoielewa mimi, ilikuwa hivi. Kulikuwa na msichana wa umri wangu ambaye kila akifumba macho alijikuta kwenye mji wa ndoto mbaya. Mji mzima. Kila kitu kinachoogopesha watoto duniani kilikuwa kimepanga chumba huko, kina mlango wake na pazia lake, na giza likiingia kinatoka kwenda kazini. Msichana alipita mtaa kwa mtaa akitafuta njia ya kurudi kwao, na kila Jumamosi alikutana na mpangaji mpya.

Majina yao ya Kiingereza hatukuyashika, tukawapa yetu. Kulikuwa na Mwalimu Shingo, ambaye shingo yake iliingia darasani kupitia dirishani huku mwili ukiwa bado njiani, na kazi yake ilikuwa kuuliza hesabu ambazo hakuna mtu amefundishwa. Kulikuwa na Bi Nguo, ambaye mchana alikuwa rundo tu la nguo kwenye kiti, taa ikizimwa anasimama na kunyoosha mikono. Kulikuwa na Mzee wa Uvunguni, ambaye katuni ilimtegemea sana, lakini sisi tulishindwa kumwogopa. Uvunguni mwa kitanda chetu kulikuwa na magunia ya mahindi, karai, sanduku la nguo za mama za harusi na viatu vya kila mtu. Paka hakupata nafasi, sembuse zimwi.

Halafu kulikuwa na Mkono, uliotoka kwenye tundu la beseni la kuogea, beseni refu ambalo mtu analala ndani yake. Sisi tulioga kwa karai nyuma ya nyumba, kwa hivyo Mkono tuliuhamisha. Tuliupeleka kwenye choo cha ploti, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekubali kwenda huko peke yake. Mama mwenye ploti alishangaa kwa muda mrefu kwa nini maua yake ya ukutani yalikuwa yanakauka na mvua inanyesha.

Wote hao niliwaweza. Aliyenishinda alikuwa Kabuti.

Kabuti alikuwa mtu mrefu aliyevaa kabuti jeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kofia pana iliyoficha uso wote. Mkononi alishika taa. Alizunguka ule mji akikagua milango, na miguu yake haikuwa na sauti hata kidogo. Hakumkimbiza mtu, hakuuma, hakucheka kicheko kibaya. Alifika kwenye kitanda cha mtoto, akasimama upande wa miguu, akainua taa, akamtazama, akaenda zake. Basi. Na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa ikinitoka, kwa sababu anayekukimbiza angalau unajua anataka nini.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa hapo hapo sebuleni, na Jumamosi ndiyo siku aliyomalizia sare za shule za watu. Alidai kwamba haangalii upuzi wetu. Lakini Mwalimu Shingo akiingiza kichwa dirishani, mguu wa mama ulisimama kwenye pedali, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Na huyu leo anamtafutia mtoto wa watu nini?"

Nilianza kumwota Kabuti nikiwa darasa la pili. Niliamka nikipiga kelele, nikamwamsha mdogo wangu, mdogo wangu akawaamsha wengine, na baba, ambaye alikuwa karani kwenye ghala la mahindi na alitoka alfajiri, alisema akisikia kelele hizo tena ataibeba tivii aipeleke sokoni. Baba hakuwa mtu mkali, ila usingizi wake ulikuwa mkali. Nikajifunza kuota kimya kimya. Asubuhi mtu akiniuliza kama nimelala vizuri nilisema ndiyo.

Lazima nieleze kwetu tulikuwa watu wa aina gani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Baba ni mtu wa Bokoli, kule Bungoma karibu na Webuye. Mama alizaliwa shambani nje kidogo ya Kitale, kwa wazee waliotoka Mkoa wa Kati wakaja kununua shamba na kufuga ng'ombe. Kwao mama, majina ya watoto yana foleni yake inayojulikana na hakuna anayeiruka. Mzee akiwa hai anapata jina lake kwa mjukuu na anaona kwa macho yake. Kwao baba, jina la mtu aliye hai haliguswi. Jina ni la aliyekufa, na aliyekufa lazima aje mwenyewe kuliomba. Anakuja kwenye ndoto ya mtu wa nyumba ile, au anamliza mtoto mchanga mpaka jina litajwe anyamaze.

Baba na mama walikuwa wameyapanga mambo hayo mapema kwa amani. Kijana wa kwanza, yaani mdogo wangu, alipewa jina la upande wa baba, jina la mzee mmoja wa zamani aliyekuwa akimsumbua shangazi kwenye ndoto. Kijana wa pili angekuwa wa guka, baba yake mama. Guka alilijua hilo na alifurahi waziwazi. Mama alipopata mimba nyingine, guka alikuja mjini na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira vya zizini, na mkebe wa maziwa, akalitazama tumbo la mama na kusema, "Huyo ni mimi." Alikuwa tayari amemtengea mtamba mmoja mwekundu, na alituonyesha kila tulipoenda shambani, akimpigapiga mgongoni.

Kilichokuwa hakijapangwa ni kwamba kati ya kijana wa kwanza na wa pili babu wa Bokoli alikufa.

Babu alikuwa mlinzi wa usiku hapa hapa Kitale, kwenye duka la vyuma la mzee mmoja Singasinga. Miaka mingi alilinda mlango huo, akienda Bokoli mwisho wa mwezi tu. Alifia kazini, asubuhi moja ya baridi, amekaa kwenye kiti chake kwenye veranda, na mwenye duka alipofika kufungua alidhani amesinzia. Mimi nilikuwa mdogo sana, simkumbuki. Ninachokijua ni cha kuambiwa, na nilichoambiwa kilikuwa kidogo. Babu alikuwa mlinzi. Babu alienda.

Likizo ya Agosti, mama akiwa karibu kujifungua, nilipelekwa Bokoli kwa kukhu, yaani bibi yangu mzaa baba. Kukhu alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Bungoma ambacho r na l hubadilishana viti bila kuulizana. Kwake hapakuwa na stima wala tivii. Kulikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Kukhu hakusalimia mtu asubuhi kwa kumuuliza habari. Aliuliza, "Umeota nini?" Na aliuliza kabla hujanawa uso, kwa sababu alisema maji yanaosha ndoto. Ungemkuta jikoni, moto umewaka, chai iko mekoni, na wewe una matongo machoni, anakusogezea kigoda. Aliwauliza wajukuu, aliwauliza wafanyakazi wa kupalilia, alimuuliza hata mtu aliyekuja kununua mayai. Watu walimzoea. Nilidhani ni upenzi wa hadithi tu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenidokeza tulipokuwa tukichuma mboga, kwamba kukhu alikuwa anamngoja babu. Tangu wamzike hakuwahi kumtokea mtu yeyote, si yeye, si watoto wake, si ndugu zake. Wenzake waliokufa nyuma yake walikuwa wameshakuja, wameshapata majina yao na kutulia. Yeye kimya. Na kukhu alikuwa ameshajihukumu kwamba babu amemkasirikia, kwa sababu alikufa peke yake kwenye veranda ya watu na mke wake yuko Bokoli anapalilia mahindi.

Asubuhi yangu ya tatu au ya nne, nilimwota Kabuti. Nilijikaza nisipige kelele, nikatoka kitandani moja kwa moja mpaka jikoni.

"Umeota nini?" kukhu akaniuliza.

"Kabuti."

"Kabuti ya nani?"

"Ya mtu. Ni mrefu. Hiyo kabuti inafika hapa," nikamwonyesha kwenye kifundo cha mguu.

Alikuwa anachuja chai. Akaweka kichujio chini. "Na kwa kichwa?"

"Kofia kubwa. Uso hauonekani."

"Ameshika nini?"

"Taa."

"Mkono gani?"

Nikafikiri, nikainua mkono nilioukumbuka, wa kulia. Kukhu akaitikia kwa kichwa polepole. "Ndiyo. Wa kushoto arikuwa anashika lungu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Arisema nini?"

"Hakuna. Anasimama tu kwa miguu yangu, ananiangalia, anaenda."

"Hivyo ndivyo arikuwa," akasema kukhu. "Hata akiwa mzima, kuongea irikuwa shida."

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilielewa kwamba kukhu naye anamjua Kabuti, na kwamba katuni yetu imefika mpaka Bokoli, sijui kwa njia gani. Nikamuuliza, "Kukhu, kumbe unamjua?"

"Nikose kumjua aje, na nirimpikia maisha yangu yote? Huyo ni babu yako. Turimzika na hiyo kabuti kwa sababu ya baridi. Nani mwingine anaweza kuivaa?"

Mtu mzima angeona kosa limetokea wapi. Mimi nilikuwa na miaka saba, na kwangu kila kitu kilikaa mahali pake. Babu alikuwa mlinzi wa usiku na babu alienda. Hakuna aliyekuwa amenieleza alienda wapi. Sasa nilijua: alienda kwenye mji wa ndoto mbaya na kupata kazi ya ulinzi huko, na ndiyo maana alikuwa anakagua milango. Sikuona haja ya kusema kwamba niko naye kila Jumamosi saa nane, kwa vile nilidhani kukhu anajua.

Kukhu alinishika mabega. Akaniambia nisimwogope tena. Akija, nimsalimie kama mtoto aliyelelewa, nimkaribishe kiti, halafu nimuulize swali moja: kukhu anauliza kama umemkasirikia.

Ningeweza kusema kwamba nilimwota usiku ule ule, lakini haikuwa hivyo. Ilipita karibu wiki nzima. Kila asubuhi nilifika jikoni na ndoto za ovyo, za mbwa, za mitihani, na kila asubuhi kukhu alisema haidhuru, akanimiminia chai. Lakini alimimina akitazama mlango, si kikombe. Ndipo nilipoanza kutamani Kabuti aje. Nililala nikimwita. Sijui watoto wangapi wa ploti yetu wangeniamini.

Alikuja. Asubuhi nilikimbia jikoni bila hata viatu.

"Kukhu, nilimsalimia."

"Akaitika?"

"Hakuitika. Nikamwambia karibu kiti. Kiti hakikuwa. Akaweka taa chini, akakaa kwa gunia ya mahindi."

"Arikaa?"

"Alikaa. Nikataka kumuuliza, halafu nikaamka."

Niliona aibu kwa kutouliza swali nililotumwa. Lakini kukhu alikuwa ameshika mdomo kwa kitambaa chake. "Arikaa," akasema tena. "Mtu mwenye amekasirika hawezi kukaa kwako." Alilia kidogo, akacheka, akamwita shangazi, wakachinja kuku. Firigisi, ambayo katika boma lile hukatiwa mwanamume, kukhu aliniwekea mimi kwenye sahani yangu na akakaa akinitazama nikila. Sijawahi kula nyama nyingine yenye heshima kiasi hicho.

Siku chache baadaye habari zikaja kwamba mama amejifungua kijana.

Nilirudishwa Kitale Ijumaa. Jumamosi saa nane niko kwenye mkeka, mtoto mchanga amelala kwenye mapaja ya mama, cherehani imefunikwa shuka. Kabuti akatokea, akaanza kukagua milango yake. Watoto wengine wakajificha nyuma ya mito. Mimi nikamwinulia mkono.

"Unampungia nani?" mama akauliza.

"Babu."

"Babu yupi?"

"Wa Bokoli. Huyu Kabuti ndiye babu. Mimi nilimwota huko, nikamwambia kukhu, akasema ndiye, na walimzika na hiyo kabuti. Kukhu amelia. Amesema babu anataka jina, na huyu mtoto ni wake. Jumamosi ingine kukhu anakuja kuwaambia."

Mama aliangalia katuni ile mpaka mwisho, mpaka maandishi yakapita, mpaka mpira ukaanza. Kisha akaniuliza, "Kukhu amewahi kuona tivii?" Nikasema kwake kuna redio tu. Akanivuta, akaninusa kichwani kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akanituma nikalete maji.

Jumamosi iliyofuata kukhu aliwasili asubuhi na kuku mkononi. Angerudi jioni, kwa maana kwa desturi ya Bokoli mzazi halali kwenye nyumba ya mtoto wake aliyeoa. Guka naye alikuja, amejua leo ni leo, ndevu amenyoa, gambuti ameosha. Wakala, wakaulizana mvua na bei ya mbolea. Kisha kukhu akaweka kikombe chini na kuanza kueleza. Alieleza kabuti, kofia, taa, na jinsi mtu wake alivyokaa kwenye gunia. Alikuwa anamtazama mama zaidi ya baba, kwa sababu alijua anaomba kitu cha nani.

"Ni kweli uliota hivyo?" baba akaniuliza.

"Ni kweli. Na mnaweza kumwona, anaanza saa nane." Nikanyoosha kidole kwa tivii.

Saa ya ukutani ilikuwa imebaki kidogo tu ifike hapo. Mdogo wangu alikuwa tayari anatambaa kwenda kuiwasha. Mama akasimama, akampa baba mtoto, akatoka nje upesi. Balbu iliyokuwa inawaka pale ndani, maana sebule yetu ilikuwa na giza hata mchana, ikazimika.

Mama akarudi. "Stima imepotea," akasema.

Baba aliitazama balbu. Akautazama ukuta, ambao nyuma yake redio ya jirani ilikuwa inaimba kwa nguvu zote. Akamtazama mama. Wameishi pamoja muda mrefu, na baba anajua wakati wa kunyamaza.

Mama akamgeukia guka, akaongea naye kwa lugha yao, maneno machache, ya upole. Guka alivua kofia yake ya sufu akaichungulia ndani, akakaa hivyo. Mwishowe alisema kwa Kiswahili, ili kukhu asikie, "Huyo mzee ameenda. Yeye hawezi kungoja. Mimi niko hapa, nitangoja."

Mtoto akapewa jina la babu. Kukhu alilitamka sikioni mwake, na kwa bahati mtoto alikuwa analia, akanyamaza. Mtamba mwekundu alibaki shambani.

Baada ya hapo ikawa ni kawaida. Kila Jumamosi ambayo kukhu alitutembelea, stima ilipotea saa nane kasorobo, ikarudi mpira ukishaanza. Sisi watoto tuliilaani kampuni ya stima kwa matusi yote tuliyoyajua. Vipande vingine vya katuni hatukuviona kamwe, na sikuwahi kujua kama yule msichana alipata njia ya kurudi kwao. Katuni yenyewe iliisha bila kuaga, mahali pake wakaweka mieleka.

Mimi sikumwogopa Kabuti tena. Ndoto zake zilikwisha zenyewe, na naweza kusema nilimkosa. Aliyeogopa giza kuliko sisi wote alikuwa huyo ndugu yangu mwenye jina. Mtoto aliyebeba jina la mlinzi wa usiku alikuwa hawezi kwenda chooni jioni bila kusindikizwa na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kukhu aliambiwa hilo akacheka mpaka akakohoa. Alisema babu naye alikuwa hivyo hivyo, kwa nini tunadhani alikuwa anatembea na taa kubwa namna ile?

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi nilipokumbuka ile redio ya jirani. Ilinijia tu, nikisaidia kukunja sare. Nikamuuliza mama kama siku ile stima ilikuwa imepotea kweli. Mama aliuma uzi, akautema.

"Ulitaka nimwambie mama ya baba yako mzee wake ni katuni?"

"Lakini lilikuwa jina la guka."

"Ninajua lilikuwa la nani." Akaingiza uzi kwenye sindano. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Alipoolewa, akiwa mgeni na hajui mtu wa upande ule, kila asubuhi alikuta mkate umefungwa kwenye kitasa cha mlango. Babu alipita akitoka kazini. Hakubisha hodi, kwa kuwa kwao mkwe anaheshimiwa kwa mbali, na mama hakuwahi hata siku moja kusikia miguu yake ikija wala ikienda. Alisema, "Nilipoangalia ile Jumamosi mpaka mwisho, hata mimi nikaona wanafanana."

Guka alikufa mwaka ambao mama alikuwa na mimba ya mwisho. Alienda kwa ugonjwa mfupi, akiwa anaulizia ng'ombe. Mama alishona nguo zetu za mazishi yeye mwenyewe. Kijana wa tatu alizaliwa, na hakuna mtu aliyegusia jina. Mama hakusema ni zamu ya baba yake, ingawa ilikuwa. Nadhani aliogopa kuambiwa kwamba kuna mzee mwingine wa Bokoli anayengoja, na aliogopa zaidi kwamba angekubali tena. Mtoto alilia usiku na mchana, tukamwita Mtoto tu.

Kukhu akaja Jumamosi, kuku mkononi. Umri ulikuwa umemwinamisha kidogo. Aliingia, akaitazama balbu inayowaka, akasema, "Naona reo stima iko." Akakaa. Akatungoja. Tukamletea chai, hakuigusa.

"Mimi nauriza watu kila siku," akasema mwishowe. "Mbona hakuna mtu ananiuriza?"

Mama alikuwa amesimama na mtoto begani, anambembeleza. Akasimama tuli. "Umeota nini, mama?"

"Nimeota mzee. Amekuja na gambuti, ananuka maziwa. Ameongea na rugha yenu, mimi sikusikia hata kitu moja. Rakini jina nirisikia." Na akalitaja jina la guka, taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

Kukhu akaona ni vizuri aongeze ushahidi. "Arikuwa amevaa tai," akasema. "Nyekundu."

Guka alivaa tai mara moja tu katika maisha yake, siku ya kupigwa picha ya kanisa, na ilikuwa ya kuazima. Picha yenyewe ilikuwa ukutani nyuma ya mama, juu kidogo ya cherehani, inamtazama kukhu usoni. Baba akainamia kikombe chake. Mimi nilimtazama mama, nikajua anaijua ile tai, na anajua mahali ilipotoka.

"Gambuti na tai," mama akasema.

"Yote pamoja."

"Basi ndiye," akasema mama. Akaenda akapiga magoti mbele ya kukhu, akamlaza mtoto mapajani mwake, akaweka kichwa chake mwenyewe pembeni ya mtoto. Kukhu akaushika mgongo wa mama kwa mkono mmoja, akainama, akalitamka lile jina kwenye sikio dogo.

Mtoto akazidi kulia. Tulingoja anyamaze, hakunyamaza. Kukhu akasema watoto wa siku hizi wanasikia polepole, na akaomba chai yake ipashwe moto.